Ushauri Wangu wa Marrakesh Umemvunja Mtu Taya

Admin, jina langu lifiche kabisa. Vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili nisijulikane, lakini yaliyobaki ni kweli tupu.

Nina miaka 23, Mpemba, nimeletwa London mdogo. Naishi Hounslow na mama, kaka yangu mkubwa na mke wake. Nauza perfume duka la airport. Siku nzima nawaona watu wanasafiri, na mimi sijapanda ndege tangu ile iliyonileta. Nikaanzisha page ya Kiswahili, ya kuwapa watu wetu tips za Marrakesh, kule Morocco. Marrakesh yenyewe sijafika. Nilijifunza kwa video za watu na kwa kuwahoji wateja: nenda sokoni asubuhi wakiwa ndio wanafungua, bei huwa laini. Mtu akikwambia njia hii imefungwa, nikupitishe kwingine, usimfuate. Taja nusu ya bei kisha ondoka taratibu, utaitwa. Sauti naweka ya kompyuta, ya kiume. Hakuna aliyejua ni mimi, hata mama, na maelfu wananifuata.

Siku moja mtu akauliza kwenye comments: ile hina nyeusi wanawake wanayowapaka watalii pale uwanja mkubwa wa Marrakesh ni salama? Nikajibu hapo hapo, sikufikiri: "Hiyo ni kama piko yetu tu. Kwetu maharusi wote wanapaka, msiogope." Nikapata likes mpaka nikacheka peke yangu.

Sasa kaka na wifi wakataka kwenda Marrakesh. Wifi akanionesha page yangu mwenyewe. "Huyu kaka anajua kweli, nimfuate?" Nikamwambia mfuate. Nilijisikia raha, siwafichi.

Kule wifi akaliamini lile jibu langu, akapakwa hina nyeusi mikono yote miwili mpaka viwikoni. Kesho yake malengelenge. Keshokutwa ngozi inamtoka kama maganda. Kaka, ambaye hasira zake tunazijua wote nyumbani, akarudi uwanjani akaipiga teke meza ya yule mama aliyempaka wifi mpaka hina ikamwagika, akamsukuma na mwenyewe akaanguka chini. Vijana wa pale hawakumuacha. Walimpiga kwa viti. Alirudi London jino halipo na vidole viwili vimefungwa bendeji.

Hakuliachia hapo. "Nnamtaka yule wa page," akawa anasema kila saa. Akaulizia, akaambiwa ni kijana mmoja wa kwetu anayetengeneza simu Stratford, upande wa pili wa London. Yule kijana alikuwa anazirusha video zangu kila siku, na watu wakimuuliza ni zake anacheka tu.

Jumamosi mchana kaka akaniambia, "Twende, we unajua mambo ya simu, utaikagua yake." Nikaenda. Ningeweza kusema ukweli kwenye gari, safari nzima kutoka Hounslow mpaka Stratford.

Kaka akaingia dukani. "Wewe ndio bwana wa Marrakesh?"

Kijana akatabasamu, akadhani ni shabiki. "Ndio mimi, kaka. Unakwenda lini nikupange?"

Kaka akachukua ile nondo ndefu ya kuvutia shata, lile lango la chuma la duka, akampiga nayo usoni. Nilisikia mfupa. Akaanguka juu ya kioo cha kaunta, kikavunjika naye. Kaka akamfuata chini, akampiga magoti ya mbavu, moja, mbili, sikuhesabu tena.

"Si yangu wallahi," kijana anasema, mdomo umejaa damu. "Nilikuwa najisifu tu."

"Mwongo. Mke wangu hana ngozi."

Kijana akaniangalia mimi. "Dada, mwambie basi."

Simu yenye page ilikuwa kwenye pochi yangu, imekaa ubavuni hapa. Nilimvuta kaka shati, nikamwambia, "Tuondoke, watu wanakuja." Hayo ndiyo maneno yangu pekee.

Kijana yuko hospitali, taya limefungwa nyaya, hasemi. Polisi wanatafuta waliomuona aliyempiga. Mama anajua nusu tu, ananiambia, "Huwezi kumpeleka ndugu yako jela kwa ajili ya mtoto wa watu. Funga mdomo." Wifi mikono bado ina vidonda, hata kuchamba anasaidiwa, na mimi ndiye namsaidia. Ananishukuru kila mara. Nakufa kila mara.

Shida ni hii. Kijana anatoka Ijumaa, na kaka ameapa atamngoja nje ya kwao. "Taya moja halijatosha. Page bado ipo, ananifanyia kiburi." Nikiifuta, ataona kijana kaogopa, ndio yeye kweli. Lakini nikipost sasa hivi, kijana akiwa bado wodini na kaka anajua hata simu hana, maana kaka mwenyewe aliikanyaga siku ile dukani ikavunjika, basi ataelewa mwenye page ni mwengine. Kijana atasalimika. Halafu kaka ataanza kutafuta upya, na wa kwanza kumuomba amsaidie kutafuta ni mimi. Nitamtazama vipi usoni?

Hiyo post nimeshaiandika. Inasema hina nyeusi msipake, Marrakesh wala kwetu, na aliyewaambia ni salama alikuwa hajui kitu. Leo ni Jumatano.

Ndugu zangu, nipost, nimwambie kaka uso kwa uso, au niende polisi kabisa? Nitukaneni mkitaka, lakini nijibuni kabla ya Ijumaa.