Maneno Chini ya Picha

Dada yangu tulimwita Hesabu tangu utotoni, kwa sababu alihesabu kila kitu, hata ngazi za nyumba ya jirani. Hakuna aliyeshangaa alipoajiriwa benki kuchambua mikopo. Tulishangaa alipoacha, baada ya miaka kumi na minne, ili ahangaike na picha za kuchorwa.

"Unaacha kiyoyozi ukauze picha?" nilimtania.

"Siuzi picha, wewe! Kila kikao nakuta watu wale wale, wa shule zile zile, wanacheka utani ule ule. Wengine wote kazi yao kusukuma trei. Nataka na wao waonekane."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni inamwita, naye analeta mchoraji anayechora wafanyakazi wa kila aina: mlinzi mzee wa getini, karani anayetumia kiti cha magurudumu, dereva wa kike. Picha zinatundikwa chumba cha wakurugenzi, na chini ya kila moja inawekwa kadi yenye maneno ya aliyechorwa mwenyewe. Kisha wakubwa na wadogo wanaketi mbele ya picha hizo wanazungumza. Mimi ni seremala, kwa hiyo fremu na misumari vilikuwa juu yangu. Nilimcheka dada, lakini nilimwamini.

Mwaka wa tatu maji yakazidi unga. Kampuni zilijitoa moja moja mpaka ikabaki ya bima peke yake. Dada akakonda. Nilikuwa namkuta jikoni anaongea na sufuria. Ndipo mchoraji akamaliza picha ya mama wa usafi wa kampuni ile. Alimchora ameshika kitambaa, anakutazama usoni mpaka unajiuliza umemkosea nini. Sijawahi kutengenezea fremu picha nzuri kama ile.

Alipoulizwa maneno ya kadi, mama yule hakusita, akaigusa meza ya wakurugenzi. "Miaka kumi na moja naing'arisha meza hii. Sijawahi kuiketia."

Hesabu aliyaandika kwenye daftari nikimwona. Kisha woga ukamwingia: mkurugenzi akinuna, na kampuni hii nayo itaondoka. Kadi aliyonipa nibandike ilisema, "Najivunia kuwa mmoja wa familia hii." Niliisoma nyundo ikiwa mkononi, nikaibandika hivyo hivyo. Kosa hilo siwezi kumwachia dada peke yake.

Siku ya uzinduzi wakurugenzi walipiga makofi mengi. Mama wa usafi alisomewa kadi na mwenzake, maana miwani hakuwa nayo. Akamfuata dada kwenye korido, ndoo mkononi.

"Mwanangu, hayo mimi sikusema."

"Mama, niliyalainisha kidogo tu."

"Nilikuomba?"

Akaenda zake kupiga deki.

Dada hakula siku mbili. Alijiita mwongo, alijiita mwizi wa mdomo wa mtu. Mfa maji haachi kutapatapa. Siku ya tatu akaandika kadi mpya, neno kwa neno kama mama alivyosema, akaiwahisha ukutani kabla ya kikao cha asubuhi. Alirudi amechangamka.

"Nimerekebisha," akasema.

"Mama mwenyewe umemwambia?"

Hakuwa amemwambia.

Saa sita mchana picha zote zilikuwa zimeteremshwa, zimeegemezwa ukutani karibu na choo. Hilo tulilitegemea. Ambalo hatukulitegemea ni kwamba mama wa usafi alishakabidhi kitambulisho na ufunguo wa stoo. Aliambiwa kama meza inamkera, akapumzike kwake.

Tulimpelekea picha nyumbani. Ni chumba kimoja, kitanda na kabati, na sare ya kazi imefuliwa inaning'inia dirishani, haina tena pa kwenda. Dada alipiga magoti pale pale mlangoni.

"Mama, nimekuponza. Nisamehe."

Mama aliitazama picha kwa muda. "Nimetoka vizuri," akasema. Kisha akamgeukia. "Sasa mwanangu, dhambi ufanye wewe, toba yake uilipe kwa kibarua changu?"

Dada alilia kwa sauti. Nami nilikuwa natazama viatu vyangu, sioni aibu kusema.

"Picha ni yako, mama," nikasema ili nisikike nimesema kitu.

"Ya nini? Uso wangu ninao. Kaeni nayo nyie."

Dada akafuta machozi, akatoa kadi tupu na kalamu kwenye mkoba. "Basi sema mama. Safari hii naandika utakalosema wewe, siongezi wala sipunguzi."

"Kweli?"

"Kweli mama."

"Andika: Hakuniuliza." Akangoja kalamu itulie. "Andika mara mbili."

Dada akaandika. Picha niliitundika sebuleni kwa dada, mbele ya meza ya chakula, na kadi chini yake. Tangu siku hiyo sijamkuta ameketi upande wa kuipa mgongo.