Salamu Zilizomeza Ujumbe wa Mama

Harufu ya nafaka ya wimbi iliyoanikwa juani, juu ya uwanja uliosiribwa kwa mavi ya ng'ombe, ndiyo harufu ya siku niliyokaribia kumuua mama yangu kwa adabu njema. Miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza na mimi nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi karibu na Kitale, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu mmoja, baba akiendesha jembe la maksai na mama akilima kipande tulichogawiwa nyuma ya nyumba. Mama alikuwa mjamzito. Kabla ya mimba hiyo alikuwa amezika watoto wawili mfululizo, wote wamekwama siku nzima nyumbani na kutoka wakiwa hawapumui, na kwa hiyo mimba hii haikutajwa kwa sauti pale kwetu. Ilizungukwa tu, kama watu wanavyozunguka shimo lililo katikati ya njia.

Mpango ulikuwa kwamba senge, dada wa baba, angekuja kutoka kwao Chwele akimaliza kuvuna wimbi, akae na wadogo zangu wawili mama akijifungua. Lakini juma hilo mkunga wa hospitali ya Kitale alimpapasa mama tumbo, akamwambia mtoto amelala kingamo, amekatiza tumbo, na kwamba asithubutu kungojea uchungu nyumbani. Alitakiwa alazwe baada ya siku mbili. Baba hakuweza kuacha kazi, maana mwenye shamba hakuwa mtu wa kutoa ruhusa wakati wa mahindi, na wadogo zangu hawakuweza kuachwa peke yao. Barua haingefaa. Senge hakujua kusoma, na yule aliyekuwa akisomea watu barua kijijini kwao alikuwa na mdomo usiofungika. Basi nikatumwa mimi. Alfajiri mama alinishika mabega, akanipa maneno matatu: senge asingoje wimbi, apande lori lile lile nililokwenda nalo, mtoto amelala kingamo. Akayarudia mara mbili. Halafu majirani wa kambi, waliposikia naenda Chwele, wakanipakia na salamu zao, kila mmoja na zake.

Lori lilikuwa la Bwana Saidi, dereva wa Kitale aliyepeleka bidhaa Chwele kila siku ya soko. Njia nzima nilirudia maneno yangu matatu chini chini: wimbi, lori, kingamo. Vumbi liliniingia mdomoni na sikunyamaza. Bwana Saidi akanitazama.

"We mtoto, unaongea na nani? Haya, sikia. Saa kumi narudi. Nitapiga honi mara tatu hapo sokoni. Asiyekuwepo, abaki, mimi sina ndugu."

Nilifika kwa senge karibu saa tano, maneno yote matatu yakiwa salama. Nilikuwa na fahari tele. Sasa, kwetu mtoto aliyetumwa hafiki akamwaga ujumbe kama maji machafu. Anakaribishwa, anakalishwa, anasalimiwa, na mambo aliyotumwa yanangojea zamu yake. Senge aliacha ungo, akanishika mikono yote miwili, akaanza. Baba hajambo? Hajambo. Mama? Hajambo. Wadogo zako? Hawajambo. Ng'ombe? Mvua? Mahindi ya mzungu? Wakaja wanawake wawili wa jirani waliokuwa wakimsaidia, nao wakaanza upya kutoka kwa baba. Kisha nikatoa zile salamu za kambi, jina moja moja, na kila jina likaulizwa habari zake. Nilijibu vizuri sana. Wanawake wale walisema nimelelewa.

Hatimaye senge akauliza, "Haya mwanangu, mama amekutuma nini?"

Nikafungua mdomo na hapakuwa na kitu. Sikuwa nimeogopa, wala sikuwa nimechoka. Nilitafuta nikakuta "mama hajambo", nililolisema mara tatu, na mahali pengine kule nyuma neno moja tu.

"Amesema... wimbi."

"Nimpelekee wimbi?"

Nikasema ndiyo. Nasema kweli, nilifurahi. Senge akacheka, akasema mwenye mimba hakosi kutamani uji wa wimbi jipya, akachukua gunia dogo na kuanza kupepeta lililo safi kabisa. Nikapewa ndizi nikala. Lakini kila ungo uliponyanyuliwa moyo wangu uliingia baridi, kwa sababu nilijua nimesema uongo ingawa sikujua ukweli wake ni upi. Jua lilipoinama nikashindwa. Nikalia mpaka nikatapika zile ndizi.

Nilipomwambia kwamba sikumbuki, nilingoja kofi. Senge aliweka ungo chini, akawaomba wale wanawake waende nyumbani kidogo. Akanifuta uso kwa leso yake.

"Rudi kule njiani," akasema. "Uje upya. Safari hii sitakusalimu."

Kwa mtu wa Chwele wa siku hizo, hayo yalikuwa maneno ya kutisha. Hata adui husalimiwa. Nilienda mpaka kwenye lango, nikageuka, nikaja. Senge alisimama uwanjani akinitazama, hakutamka lolote, hakuninyooshea mkono. Nikasimama mbele yake katika ukimya ule. Kilichonijia kwanza hakikuwa neno. Ulikuwa mkono wa mama, jinsi alivyoulaza juu ya tumbo lake asubuhi ile akinieleza. Nami nikaulaza wangu juu ya tumbo langu, kutoka ubavu hadi ubavu.

Senge alishika kichwa. "Mtoto yuko hivyo?"

Yote yakarudi: asingoje, lori, leo. Wimbi liliachiwa kuku. Tulikimbia hadi sokoni, senge akifunga kitambaa cha kichwa huku akikimbia, na honi ya tatu ilitukuta tukiwa tumeshikilia ubao wa nyuma wa lori. Bwana Saidi alitutukana vizuri, kisha akatupandisha. Mama alilazwa asubuhi yake. Siku ya nne alipasuliwa, na ndugu yangu Wekesa akatoka akipiga kelele, na baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alikaa chini nje ya hospitali akalia kwa raha.

Miaka mingi nilijiita mwenye kichwa kibovu. Nilikuwa mwalimu tayari, nimerudi chuoni kusoma zaidi, nilipofundishwa kwamba akili ina mahali padogo pa kushikia yale tunayoyatumia sasa hivi, na kwamba yanakaa hapo kwa kurudiwa tu. Ukiwa umebeba sufuria ya uji kwa mikono miwili, na mtu akakunyooshea mtoto umpokee, lazima kimoja kiende chini. Siku ile nilipokezwa kijiji kizima. Nilitoka darasani nikiwa mwepesi, nikakaa chini ya ukuta, nikacheka peke yangu. Tangu hapo sikumchapa mtoto kwa kusahau, nao walimu wenzangu walinisema sana.

Siku hizi hakuna anayetuma mtoto na maneno mdomoni. Wekesa mwenyewe, mzee wa mvi na fimbo, hunipigia simu kutoka Kanduyi kila Jumapili. Anauliza habari za watoto, za wajukuu, za goti langu, za mvua, mpaka za mbuzi. "Bana dada, kuna jambo nilikupigia," anasema, "limenitoka kabisa." Binti yangu huona tunapoteza muda. Mimi simharakishi. Naishika simu sikioni nikisikiliza anavyopumua, na nashukuru kwamba yupo wa kusahau.