Jambia la Mzee Anaeli wa Akheri

Niliondoka Tanga kwa sababu ya ubishi wa wazee wawili. Mzee Anaeli wa Akheri, mlimani Meru, amesimulia miaka mingi kwamba jambia lake babu yake alipewa na Mwarabu wa msafara baada ya kumwonyesha njia. Mdogo wake, Mzee Nderingo, anasema ni la bandia, la kuuzia watalii. Jumapili ukoo ulikuwa unakutana, na Anaeli hakutaka kuchekwa tena mbele ya wajukuu. Mimi hukarabati majambia na kuyakadiria umri, kazi niliyoachiwa na baba, ndipo nikaitwa nikate mzizi wa fitina.

Ijumaa jioni nilifika Arusha, nikalala gesti ya Levolosi. Niliomba blanketi la tatu.

"Kwani huko Tanga mnajifunika nini?" mhudumu aliuliza.

"Feni," nikamjibu.

Jumamosi asubuhi nilishuka Tengeru, nikapanda bodaboda kati ya migomba na mibuni hadi Akheri. Wazee wote wawili walikuwa sebuleni, kila mmoja kajitenga upande wake.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba. Karibu, fundi," alisema Anaeli.

Mkewe akaleta jambia kwenye sinia. Lilimetameta kama sufuria ya harusi.

"Nimelisugua jana kutwa kwa majivu," alisema kwa fahari. "Mgeni haletewi kitu kichafu."

Nilitaka kulia. Ule weusi wa miaka kwenye mikunjo ya nakshi za fedha ndio cheti cha kuzaliwa cha jambia, na mama alikuwa amekifua. Nikamshukuru tu, maana chai yake ilikuwa na maziwa mazito na sikutaka kunyimwa kikombe cha pili.

"Si nilisema?" Nderingo alichekelea. "Jipya hilo!"

Niliomba sindano na kaa la moto. Nikaipasha sindano moto, nikaigusisha kwenye mpini, mahali pasipoonekana. Plastiki ingejitangaza yenyewe. Huu ulinuka nywele zilizoungua. Pembe halisi. Ngozi ya ala nayo ilishonwa kwa mkono, imelika pale mshipi ulipopita. Anaeli akaanza kutabasamu.

Kisha nikalichomoa jambia alani, nikageuza bapa. Majivu ya mama yalikuwa yamefichua vijistari vyembamba vilivyokatana: meno ya tupa. Mhunzi fulani aliifua tupa kuukuu akapata bapa.

"Mpini na ala ni vya kale," nilisema. "Bapa limebadilishwa."

Anaeli alisinyaa. Nikamgeukia Nderingo nikitegemea ashangilie, kumbe anakitazama kikombe chake.

"Mzee, wewe ulijuaje kuwa si lenyewe?"

Alikisukuma kikombe kando, akamgeukia Anaeli.

"Nililivunja mimi, kaka. Nilikuwa nang'olea migomba. Nikampelekea mhunzi wa kule Sakina, Arusha, kabla hujarudi kutoka shule ya bweni."

"Halafu ukanicheka miaka yote hii?"

"Nilitaka ulichoke, ulitupe, nisilione tena."

Niliogopa watashikana mashati. Lakini Anaeli aliangua kicheko mpaka mkewe akamshika bega.

"Kesho utasimama, uwaambie wajukuu wewe mwenyewe," alisema akijifuta machozi. "Na jambia utalishika wewe."

Jumatatu nilirudi Tanga na mkungu wa ndizi na somo moja. Siku hizi nikiletewa jambia, sianzi na pembe wala fedha. Namtafuta anayeapa kuwa ni la bandia, nimuulize amejuaje.