Simu Ilipoacha Kuniita

Sisi tuliokulia Changamwe kabla simu hazijaingia mifukoni tuliitwa kwa sauti, na sauti haikukosa kufika. Mama alikuwa akigonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Mara mbili ni dada yangu Kadzo, mara tatu ni mimi Mbeyu, na akigonga mfululizo ni sote wawili, tena kuna kitu kimevunjika. Hata kama umejificha nyuma ya mapipa ya maji ya jirani na wenzako hawajakuona, ulitoka mbio huku unapiga ukelele, "Abee, mama!" Mchezo ulikufa hapo hapo, na hakuna aliyekulaumu. Kuitwa mara ya pili ilikuwa aibu. Mara ya tatu ilikuja na ufito wa mpera.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, familia sita na ua mmoja, na kila sauti ilikuwa na mwenyewe. King'ora cha kiwanda kikilia saa nane tulijua baba ametoka zamu, na haikupita nusu saa ungesikia mnyororo wa baiskeli yake ukilia kwa ukavu. Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake. Mama wa mbaazi na mahamri hakuwa na haja ya kuita, kwa sababu harufu ya tui ilimtangulia hadi kwenye kizingiti. Shuleni kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, na mwalimu wa zamu alikipiga kana kwamba kilimkosea.

Nakumbuka siku redio ya baba ilipotoa maneno mawili kisha ikanyamaza. Majirani walikuja na dawa zao: mmoja alisema ipigwe kofi, mwingine betri zianikwe juani. Baba alikataa. Aliniita nimshikie tochi, akaifungua mgongo kwa kisu cha jikoni. Mimi nilitarajia kuona watu wadogo wameketi humo ndani. Niliona vumbi, yai la mjusi, na uzi mwekundu uliokatika.

"Kitu kikinyamaza, usikigombeze," aliniambia. "Kifuate polepole mpaka ujue kimenyamazia wapi."

Aliunganisha ule uzi, na redio ikaendelea na habari katikati ya sentensi. Baba sasa ni marehemu. Mimi nimekuwa mtu mzima, nafanya kazi ya ukarani kwenye ghala la mizigo na nakaa Port Reitz, ambako ndege zinapita juu ya mabati mpaka umezizoea.

Mwaka huu mama alikuja kukaa nami kutoka Kaloleni. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa akimimina chai nje ya kikombe, kisha anauliza kwa nini kikombe hakijai. Kliniki ya macho ilimwandikisha kwenye orodha ya upasuaji, na muuguzi akatueleza utaratibu: nafasi ikipatikana watatuma meseji, nasi tujibu upesi, la sivyo anaitwa mwingine. Nikaandikisha namba yangu, kwa kuwa mama kwa macho yale hawezi kusoma meseji.

Jumapili moja baada ya ibada simu yangu ikaniomba niikubalie kusasisha programu zake. Nilikubali, kama tunavyokubali yote tusiyoyasoma. Ilijizima, ikajiwasha, ikanionyesha rangi mpya. Watu waliponipigia ililia kama kawaida. Sikuwa na shaka yoyote, ila niliona siku zile zimepoa, nikadhani labda watu wamechoka kuniandikia.

Jumatano wakati wa chakula cha mchana nilifungua meseji kumtafutia mwenzangu wa kazini namba ya fundi wa mabomba. Zilikuwa kumi na saba, zote hazijasomwa. Ya kliniki ilifika Jumatatu asubuhi: nafasi ya mama ni Jumanne saa mbili, tafadhali jibu kabla ya saa sita mchana. Niliwapigia papo hapo. Muuguzi alinisikiliza kwa upole, akasema nafasi ile amepewa mzee mwingine. "Pole, mama. Jina lenu bado lipo kwenye orodha. Mkae na simu karibu."

Karibu! Nilikuwa nimelala nayo kando ya mto.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama ameketi barazani, anachambua mchele kwa vidole tu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyevunja kitu.

"Simu haikulia?"

"Haikulia, mama."

"Lakini jana dada yako alikupigia, nikaisikia."

"Kupigiwa inalia. Meseji ndizo hazilii."

"Mbona?" Akaweka ungo chini. Sikusikia hasira katika sauti yake. Alitaka kujua kweli. "Koo ni moja. Itakuwaje iimbe wimbo mmoja na mwingine isiimbe?"

Swali hilo ndilo lililotuketisha. Binti yangu Neema, anayesoma chuo, alikuwa amekuja siku ile. Yeye alishangaa tunahangaika na nini. "Lakini mama, simu huwekwa kimya. Mimi yangu haijalia tangu niinunue." Ni kweli. Hawa watoto wetu ukiwapigia hawashiki, kisha dakika moja baadaye wanakuandikia: "Umenipigia?" Ningependa kumwona mmoja wao akimjibu hivyo mama yangu wa enzi zile mwenye mwiko mkononi. Nilimtuma Neema akaange viazi, nasi tukaendelea na uchunguzi.

Kadzo anauza nazi Kongowea. Nilimpigia, nikamwomba atutumie meseji kila nitakapomwashiria. "Niandike nini?" akauliza. "Lolote." Ya kwanza ilisema: *Nazi*. Ikaja kimya.

Nilibonyeza kitufe cha pembeni cha kuongeza sauti. Kumbe kile kilipandisha sauti ya nyimbo tu. Niliingia kwenye mipangilio, penye sauti na mtetemo, nikakuta mistari kadhaa: ya nyimbo, ya kupigiwa, ya kengele ya kuamshia, ya arifa. Kabla ya hapo wa kupigiwa na wa arifa ulikuwa mstari mmoja. Sasa ilitenganishwa, na ule wa arifa ulikuwa umelala chini kabisa. Niliupandisha juu, nikashangilia.

Kadzo akatuma: *Nazi mbili*. Kimya.

"Haijafika?" mama akauliza.

"Imefika. Haijasema."

Niliangalia ile sehemu ya Usinisumbue, nikaona imezimwa. Nilizima simu nikaiwasha. Nazi tatu, kimya. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea mezani, sikio moja mbele, na mara kwa mara akiuliza, "Sasa umefika wapi?" Nami nikawa namweleza kila mlango ninaoufungua. Kumweleza ndiko kulikonisaidia, kwa maana nilipomwambia kwamba kila programu ina sauti yake, alisema, "Basi usiiulize simu. Muulize huyo mleta meseji mwenyewe."

Niliteremsha orodha ya arifa, nikaikandamiza ile meseji ya Kadzo kwa kidole bila kukiinua. Kikafunguka kidirisha, na humo neno moja limewekewa alama: Kimya. Nilibadilisha. Nazi nne zikaja, na meza ikatetemeka.

"Inanguruma!" mama akasema. "Iko karibu."

Hapo ndipo nilipotazama mlio wenyewe. Mahali pa jina la mlio paliandikwa: Hakuna. Ule niliouzoea miaka yote uliondoka na programu ya zamani, wala haukuachiwa mrithi. Tukaanza kuchagua mpya, mama akiwa hakimu. "Huyo chura." "Hiyo glasi imeanguka." "Hiyo inabembeleza, utalala." Alikubali wa kumi na mbili au kumi na tatu, mkali, wa kupanda mara tatu. Kadzo akatuma *Nimechoka na nazi*, na simu ikalia mpaka Neema akatoka jikoni na mwiko akiuliza kuna nini.

Siku nane mama hakutoka karibu na simu ile nilipokuwa nyumbani. Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa, nimo bafuni nafua, nikasikia mlio na yeye kwa pamoja: "Mbeyu! Imesema! Mbeyu!" Nilitoka na povu hadi viwikoni. Ilikuwa meseji ya kliniki: Jumatatu, saa mbili asubuhi. Nilijibu kwa kidole kilicholowa, nikakosea herufi mara mbili, na nikampigia muuguzi pia, kwa kuwa sikuwa tayari kuiamini simu peke yake.

Alipasuliwa jicho la kulia. Kesho yake muuguzi alimfungua bandeji, akamwambia afumbue taratibu. Mama aliutazama mkono wake mwenyewe kwanza, akaugeuza. Kisha akaniangalia mimi, akaniangalia tena, akanyoosha kidole hadi kwenye paji la uso wangu.

"Mbeyu. Mvi hizi zote ulizitoa wapi?"

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Zamani tulilala chumba kimoja, sote wanne, naye aliniona nikikua bila kuhitaji kuambiwa. Halafu nikaja kuwa mtu wa kupiga simu kila Jumapili, wa kutuma salamu, wa kuahidi kwenda Kaloleni mwezi ujao. Miaka yote hiyo alinisikia vizuri kabisa, na sauti haioti mvi.

"Sogea dirishani," alisema, "nikuone."

Nikasogea.