Mkunga wa Buguruni na Barabara ya Malori

Mwamvita binti Mwishehe alizaliwa Buguruni siku ambazo Buguruni ilikuwa mihogo na minazi tu, na hakuwa mwanamke wa woga. Kazi yake ilikuwa ukunga, aliyofundishwa na mama yake tangu akiwa kigori. Watoto wa mitaa minne walipita mikononi mwake: wa Wazaramo wenyeji, na wa wale waliokuja kutoka Masasi na Newala kufuata kazi bandarini. Siku moja alimkuta chatu kwenye banda lake la kuku, akamtwanga kwa mchi mpaka akatulia, kisha akanawa mikono akaendelea kupika.

Mumewe alifariki mwaka wa pili baada ya Uhuru, akamwachia nyumba ya vyumba sita na binti mmoja, Tunu, ambaye baadaye aliolewa Boko. Kwa hiyo Mwamvita alibaki na wapangaji wake na shoga yake wa mlango kwa mlango, Eufrazia, Mmakonde, mke wa Albano mchonga vinyago. Kati ya milango yao palikuwa na kichochoro cha mchanga ambacho kuku alikivuka kwa hatua kumi. Eufrazia akiishiwa chumvi, alisema tu pale alipokaa, "Mama Tunu, chumvi!" na chumvi ikafika.

Wapimaji walikuja mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, watu walipokuwa wakipanga foleni tangu alfajiri. Walikuja na darubini ya miguu mitatu, kamba, na vigingi walivyovipigilia katikati ya kichochoro. Jioni balozi wa nyumba kumi, mzee Salumu, akawaita watu.

"Ndugu wananchi," alisema, "inajengwa barabara ya kuzunguka mji. Malori yatatoka bandarini yaende zake Ubungo na Zambia, bila kupita Kariakoo. Barabara hii ni ya taifa zima."

"Na nyumba zetu ni za nani?" Eufrazia akauliza.

Mzee Salumu akatazama karatasi yake. "Zitakazoguswa zitatiwa alama," akasema.

Hapo ndipo hofu ilipoingia ndani ya Mwamvita kwa mara ya kwanza. Kila alfajiri, kabla hata ya kutawadha, alitoka nje akapapasa ukuta wake wa mbele kwa kiganja, akitafuta kama kuna rangi mbichi. Mlango wa wapangaji ukilia kidogo alishtuka akidhani ni wapimaji. Siku ya kumi na moja rangi ikaja kweli, nyekundu, namba na msalaba. Ilipigwa kwenye ukuta wa Eufrazia. Nyumba ya Mwamvita ilipona; wangekata baraza tu.

Mwamvita alikwenda kumpa pole shoga yake, akalia naye. Lakini moyoni alikuwa amefurahi, na furaha ile ilimwogopesha kuliko rangi yenyewe. Hakuwahi kumwambia mtu.

Katapila lilikuja asubuhi ya Jumanne. Albano alikuwa ameshatoa magogo yake ya mpingo, vitanda, na picha ya Bikira Maria. Ukuta ulisukumwa mara moja tu, ukalala chini kama mtu aliyechoka. Familia ilipewa kiwanja nyuma kidogo, ng'ambo ya pale barabara itakapopita, na wakajenga upya kwa miti na udongo. Ikafuata greda, zikafuata kokoto, ikafuata lami yenye moshi iliyowatoa watu machozi wiki nzima. Kichochoro cha hatua kumi kikawa uwanja mweusi ambao Mwamvita hakuuona mwisho wake.

Kisha yakaja malori. Yalikuwa ya kwenda Zambia, yenye matela, matairi yakifika kifuani mwa mtu mzima. Yalipita hatua saba kutoka mlangoni kwake. Vikombe vilitembea vyenyewe kabatini, na udongo wa dari ulimwagika ndani ya chungu. Mwamvita alihamishia kitanda chake chumba cha nyuma kabisa, lakini mtikisiko ulimfuata kule kule, ukimpanda kutoka miguu ya kitanda mpaka kwenye meno.

Hata hivyo alivuka. Miezi ya mwanzo alivuka kwa kukimbia, khanga ameikaza, akisema Bismillahi kwa sauti. Mpaka siku ya Margareta.

Margareta alikuwa muuza mchicha, na kila siku saa nne asubuhi alipita na ungo kichwani. Siku hiyo alisimama mlangoni kwa Mwamvita, wakasalimiana, wakacheka jambo la kipuuzi, akaaga. Mwamvita hakuwa amegeuka bado alipomwona Margareta anaingia barabarani, anasubiri lori la kwanza lipite, anapiga hatua. Nyuma ya lori la kwanza kulikuwa na la pili. Halikupiga honi. Mchicha ulitawanyika mpaka kwenye mlango wa Mwamvita, na alipofika pale na khanga yake mkononi, hapakuwa na la kufanya ila kumfunika.

Tangu siku hiyo miguu yake ilimkataa. Akikaribia ukingo wa lami, aligeuka akarudi ndani. Aliwahi kujilazimisha. Alipofika hatua ya tatu alisikia ngurumo mbali, huko Tabata pengine, akaanguka chini kwa makalio na kutambaa kurudi nyuma mbele ya watu. Vijana wa gereji walicheka. Mwamvita aliingia ndani akafunga mlango, akagundua kwamba amejikojolea.

Watu wa ng'ambo walipomjia alijibu, "Mleteni huku. Mie siji." Wengine waliletwa kwenye mkokoteni, katikati ya malori, wakigumia. Wengine hawakuletwa. Mwanamke mmoja, Auleria, alijifungua peke yake na jirani asiyejua kitu, na mtoto akatoka hana pumzi. Hakuna aliyemlaumu Mwamvita mbele ya uso wake. Lakini alijua saa ile mtoto alipokufa yeye alikuwa wapi: alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele, akisikiliza lori na kumwomba Mungu asiitwe.

Ndipo ikaja masika iliyofuata, na zamu ya Anjelina.

Anjelina alikuwa binti wa kwanza wa Eufrazia, na Mwamvita ndiye aliyemzalisha mama yake. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Mwamvita alikuwa ameagiza aletwe kwake wiki moja mapema, lakini uchungu ulitangulia wiki mbili. Saa tisa mchana, mvua ikinyesha, Albano aliingia amelowa chapa chapa.

"Mama Tunu, mtoto anakuja na makalio. Mama Anjelina kaona. Damu ni nyingi."

"Mpelekeni hospitali!"

"Kwa gari gani? Nimekwenda ofisi ya chama, nimekwenda kwa yule Mwarabu mwenye pikapu. Hakuna mafuta. Kwenye mkokoteni atatufia. Twende, mama. Nakushika mkono."

Mwamvita alichukua kifurushi chake: wembe, uzi, kitambaa safi, chupa ya mafuta ya nazi. Akatoka. Albano akamshika mkono wa kulia, wakafika ukingoni. Malori yalikuja manne kwa mpigo kutoka upande wa bandari, taa zimewashwa mchana, maji yakiruka kutoka matairini kama kuta mbili. La kwanza lilipiga honi. Mwamvita aliona ungo wa mchicha, waziwazi, kama upo pale. Akajing'oa mkononi mwa Albano, akaikumbatia nguzo ya simu kwa mikono miwili.

"Siwezi! Wallahi siwezi! Niache!"

Albano, mwanamume mpole ambaye hakuwahi kumfokea mtu, alimvuta kiunoni. Alimvuta kwa nguvu zake zote za kubeba magogo, na hakuweza kumbandua. Mwishowe akamwachia, akakaa chini kwenye matope akalia.

"Mwanangu, mama Tunu," akasema. "Mwanangu anakufa pale. Nyumba ile pale, unaiona."

Mwamvita aliiona kweli. Aliona hata moshi wa jiko. Akaangusha macho chini kwa aibu, na huko chini akaona maji ya mvua yanakimbia mtaroni, yanageuka kona, yanaingia chini ya barabara. Wajenzi walikuwa wameweka karavati pale, bomba la zege la kupitishia maji kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mtu mzima aliweza kuingia akitambaa. Mbwa waliingia humo, na mwaka uliotangulia watu walitoa humo nyoka.

"Yanatokea wapi haya?" akauliza.

"Nyuma ya nyumba yetu. Lakini mama, maji…"

Hakumsikiliza. Alijifunga kifurushi kichwani kwa kilemba, akakaza khanga kiunoni, akateremka mtaroni. Maji yalimfika mapajani. Alipoinama kuingia, yalimfika kidevuni.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya kitu kilichooza. Alitambaa kwa viganja na magoti juu ya mawe, chupa zilizovunjika na vitu laini ambavyo hakutaka kuvijua. Kitu kilimpita ubavuni kikiogelea. Alitaka kupiga kelele, lakini akifungua kinywa maji yaliingia. Katikati ya bomba, pale ambapo nyuma na mbele ni giza sawa, lori likapita juu yake. Hakulisikia kwa masikio. Zege lenyewe lilinguruma, likamtikisa mbavu, na vumbi la saruji likamwangukia shingoni. Mwamvita alijua kwa yakini kwamba barabara inamwangukia. Akaganda. Likapita la pili. Akasoma shahada. Likapita la tatu, naye bado yupo, na maji yalikuwa yamepanda mpaka mdomo wa chini.

Maji ndiyo yaliyomsogeza. Aligundua kwamba akikaa atakufa na akienda huenda asife, basi, hakuna zaidi. Akatanguliza mkono wa kulia, akafuatisha goti. Wala hakumfikiria Anjelina, kama watu walivyopenda kusimulia baadaye. Yeye mwenyewe alisema, "Nilikuwa nafikiria pua yangu tu."

Eufrazia alikuwa jikoni nyuma ya nyumba akipasha maji moto alipoona kiumbe kinatoka mtaroni, cheusi kwa tope, kinatetemeka, kifurushi kichwani.

"Yesu na Maria! Mama Tunu?"

"Niogeshe mikono," Mwamvita alisema, meno yakigongana. "Mikono kwanza. Sabuni ipo?"

Ilikuwepo, kipande cha gwanji ya kufulia. Akasuguliwa mpaka viwiko, akavishwa khanga kavu, akaingia. Anjelina alikuwa amelala kiubavu, macho yameingia ndani.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ndogo, hata katika hali ile.

"Marahaba, mwanangu. Piga magoti. Shika shingo ya mama yako. Usisukume mpaka nikwambie."

Mwamvita akajipaka mafuta ya nazi mikononi. Makalio yalitoka, kisha mguu mmoja, kisha wa pili. Alifunika kiwiliwili kwa kitambaa chenye joto, akangoja, akakataa katakata kuvuta ingawa Eufrazia alimsihi avute. Lori lilipita, nyumba ikatikisika, naye hakuinua kichwa. Kichwa cha mtoto kilitoka wakati muadhini wa alasiri anamaliza. Mtoto alikuwa wa bluu. Mwamvita alimfyonza pua kwa mdomo wake, akatema, akamfyonza tena, akampiga nyayo. Kimya. Akampulizia. Kimya. Tena. Kisha mtoto akakoroma kidogo kama paka, akalia.

Akawa mwanamke. Walimwita Rosalia.

Damu ya Anjelina ilikatika jioni ile. Lakini Mwamvita hakurudi nyumbani. Alikaa kwa Eufrazia siku tisa, akijidai kumwangalia mzazi, na kila mtu alijua kwamba hana njia ya kurudi. Karavati hakuliingia tena. Kila alipofumba macho alilisikia likinguruma. Siku ya kumi Eufrazia alimfunga macho kwa kilemba, Albano akambeba mgongoni kama gunia, wakamvusha saa sita mchana huku akipiga mayowe njia nzima.

Habari ya mkunga aliyepita chini ya barabara ilienea. Wanawake wa pande zote mbili walikwenda kwa mzee Salumu, wakaenda naye ofisini, wakasimama uani mpaka wakasikilizwa. Walitaka kivuko. Baada ya miezi mitano walikuja watu wawili wakachora mistari myeupe. Madereva wa matela hawakuijali, na masika iliyofuata iliifuta nusu yake. Mwamvita alibadilisha utaratibu: kila mjamzito wa ng'ambo alihamia chumba chake cha tatu mwezi wa nane wa mimba ukitimia, na asiyeweza, alifundishiwa jirani wa kumzalisha. Eufrazia akawa wa kwanza kujifunza. Alijifunza vizuri kuliko wote, na watu wa ng'ambo wakaanza kumwita yeye.

Baadaye serikali ilipiga marufuku magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana mafuta. Jumapili ya kwanza Mwamvita alisimama ukingoni akiwa na bakuli la mihogo ya nazi, akingoja ngurumo. Haikuja. Watoto walikuwa wanacheza mpira katikati ya lami. Akaweka mguu mmoja, akautoa. Akauweka tena. Jasho lilimtoka, na midomo yake ilisoma kila dua aliyoijua, lakini alitembea, pole pole, mtoto mmoja akishika mpira mpaka apite.

"Mama Tunu umevuka!" Eufrazia alipiga vigelegele mlangoni.

"Usinisemeshe," Mwamvita akamjibu. "Nipe maji, halafu niangalizie saa. Mie malori siyaamini, saa kumi na moja lazima niwe kwangu."