Pikapu Iliyotaka Kushiba

Pikapu yetu ilipoinuliwa ndipo nilipoiona nchi yetu kwa juu. Kabla ya hapo migomba nilikuwa naijua kwa chini tu, pale unapoinama kupalilia na umande unakudondokea shingoni. Siku hiyo nimekaa nyuma juu ya mikungu ya ndizi, majani ya migomba yakawa yananipita usawa wa uso, mapana, yamelowa, moja linanipapasa shavu na kuniachia jingine. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni upande wa Kituntu. Nikajisemea, waitu, kumbe ndege wanaishi hivi.

Lakini hiyo ilikuwa siku ya kuijaribu. Ngoja nianze na kilichotupeleka kwa fundi.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, sabuni na chumvi zilipokwisha kurudi madukani. Mume wangu alikuwa amepata pikapu kuukuu ya kubebea ndizi na kahawa. Watu wote wa habari hii nawakumbuka majina, hata yule mama aliyeleta mkungu wa mwisho. Wengi wametangulia, waliobaki sijawaomba ruhusa, kwa hiyo majina nayaacha nilipoyaweka.

Barabara yetu ya Ihembe ilikuwa imechimbwa na malori ya kahawa. Yalipita masika, yakaacha mifereji miwili ya matairi, na katikati ukabaki mgongo wa udongo mgumu kama tofali. Lori linapita juu ya ule mgongo bila habari. Pikapu yetu ilikuwa fupi, ikawa inaburuza tumbo, chuma kinalia krrr mpaka mbwa wanaitikia. Mara mbili ilining'inia pale katikati, magurudumu ya nyuma yakizunguka hewani, na mume wangu ameshika usukani kama mtu aliyepanda ng'ombe asiyetaka kwenda.

"Ni kuinua tu," akasema. "Tuiongezee springi, ikae juu kama lori."

Mimi sikuwa na ugomvi na kuinua. Nilikuwa na jambo langu. Binti yetu wa kwanza alikuwa ameolewa upande ule ambao siku hizi una wilaya yake, Kyerwa. Alishika mimba mara mbili, na mara mbili zikatoka zikiwa zimekwisha kuwa na miguu na vidole. Ya tatu ilipofika miezi mitano, mumewe akatuletea. Nesi alikuwa amewaambia akae karibu na hospitali, asibebe, asirukeruke, alale sana. Basi alikuwa nyumbani kwangu, amelala chumba cha dirishani, anasikiliza mvua. Kila nilipoiona ile pikapu sikuona ndizi wala kahawa. Nilimwona yeye mle nyuma, siku yake ikifika.

Nikamwambia mume wangu, "Kwa fundi tunakwenda wote."

"Wewe utakwenda kufanya nini gereji?"

"Kuchagua."

Fundi alikuwa mtu wa asili ya Burundi, mcheshi, amekuja kwetu kijana akilima vibarua, akaishia kwenye vyuma. Gereji yake ilikuwa kivuli cha mikaratusi na shimo moja la kuingia chini ya gari. Alitupangia springi juu ya nyasi. Kulikuwa na za lori lililokuwa limekufa tangu vita, vyuma vinene, vyeusi, vimepinda kama upinde. Kando yake kulikuwa na nyingine nyembamba, zimetoka kwenye gari dogo la misheni. Akasema kwa hizo nyembamba ataweka vipande vya chuma juu ya ekseli ili gari lipate kimo, na shokomzoba mpya zitafutwe Bukoba. Kazi ndefu. Za lori zipo, zinafungwa leo.

Nikakanyaga springi ya lori kwa mguu mmoja. Kimya. Nikapanda kwa miguu miwili. Kimya vilevile, kama nimekanyaga kizingiti cha kanisa. Nikahamia kwenye ile ya misheni, ikanipokea, ikashuka, ikanirudisha.

"Hii," nikasema.

Fundi akacheka mpaka akaketi. "Mama, hiyo inakufaa wewe, mwenye uzito mdogo. Ikipewa mikungu hamsini itakula udongo."

"Mama watoto," mume wangu akasema, "hapa tunachagua springi, hatuchagui godoro."

"Mimi nachagua cha kumpeleka mwanangu."

Mume wangu alimpenda yule binti kuliko wanawe wengine wote, ila alikuwa anaona haya kusema. Akageuza springi ya lori kwa ncha ya kiatu. "Gari laini likikwama njiani, atafika? Kwanza lipite. Kufika ndiyo dawa yenyewe."

Na hilo lilikuwa kweli.

Fundi akatupatanisha. "Tunafunga za lori, tunajaribu. Zikimkataa mama, nazifungua."

Sasa, kujaribu kwetu ni kupakia. Gari linalokwenda tupu watu wa kwetu wanalihurumia, kama mwanamke anayerudi kutoka kisimani na mtungi mkavu. Fundi hakufikiria jaribio jingine, wala mimi, wala mtu yeyote pale. Tukarudi na pikapu yetu, imesimama juu hiyo, tukaijaza mikungu mpaka kwenye kingo. Nikakaa juu ya mikungu na kopo la maziwa mkononi, halina kifuniko. Ndiyo siku ile nilipopapaswa na migomba. Tulipanda kilima, tukashuka, tukapita juu ya mgongo wa barabara bila mkwaruzo. Gari lilikuwa linapumua. Linashuka taratibu, linapanda taratibu, kama mtoto anayebembelezwa mgongoni. Nilitazama kopo langu: maziwa yalizunguka ukingoni, yakarudi katikati, hayakumwagika hata tone.

Tuliporudi gereji fundi akauliza, "Mama, nizifungue?"

"Ziache," nikasema. Nilikuwa bado niko juu kule, sijashuka moyoni.

Miezi miwili na kitu ikapita. Asubuhi moja ya mvua ndogo binti yangu akaniita kwa sauti ndogo, kwa neno letu la mama. "Mawe, njoo uone." Nikaona damu kidogo kwenye shuka, na tumbo lake limekaza kama ngoma. Mwezi wa nane wa mimba ulikuwa haujaisha.

Mume wangu alikimbilia pikapu. Usiku uliotangulia alikuwa amepakia magunia ya kahawa, akayashusha peke yake, yote, mzee yule. Akafagia, akaosha kwa maji, akafuta kwa koti lake la kanisani. Kwetu mgonjwa hachanganywi na mizigo. Hata zamani za machela, aliyebeba machela hakubeba kingine, hata jembe alimpa mwenzake. Basi akamtandikia mwanawe godoro letu, na juu yake shuka nyeupe, na pikapu ikawa safi, tupu, ya heshima. Nikapanda nikampakata kichwa.

Hatukufika mbali. Jiwe la kwanza lilitupa wote juu. La pili likampiga mgongo wake kwenye chuma, kupitia godoro. Zile springi hazikuwa na cha kubeba, zikawa zinaturusha kama mtu anayepepeta maharage. Binti yangu akanishika kanga shingoni, akaikaza.

"Mawe, nishushe. Nishushe nitembee."

Nikapiga paa la gari kwa kiganja mpaka mume wangu akasimama. Akashuka, akatutazama.

"Nitaendesha polepole zaidi."

"Ulikuwa unakwenda polepole," nikamwambia. "Si wewe. Gari lina njaa."

Niliona lile kopo la maziwa kama liko mkononi mwangu. Siku ile gari lilikuwa limeshiba, ndiyo maana lilitulia. Nikamwambia, "Leta mikungu. Tupakie ndizi, yeye alale juu."

Akarudi nyuma hatua moja. "Mwanangu nimpakie na ndizi? Kama anapelekwa gulioni? Watu watasema nini?"

"Watasema amefika."

Alisimama kwenye mvua ile, anamtazama binti yake. Kisha akachomoa panga chini ya kiti, akaingia kwenye kibanja kilichokuwa kando ya barabara, cha jirani, bila hodi, akaanza kukata. Jirani akatoka anapiga kelele, "Nani huyo kwenye migomba yangu?" Mume wangu akaonyesha barabarani kwa panga. Jirani alipoelewa akaingia ndani, akatoka na panga lake.

Sijui habari ile ilikwendaje na mvua. Ilikwenda. Wanawake wakaanza kutokea kwenye ukungu, mmoja baada ya mwingine, na mikungu kichwani, kama migomba yenyewe imeamua kutembea. Familia moja yenye asili ya Rwanda, waliokuwa wakilima vibarua kwetu, hawakuwa na migomba yao, wakaja na gunia la viazi vitamu, mume kashika huku, mke huku. Katekista akaleta kahawa yake ya maganda. Mwanamke mmoja akaja na mkungu mdogo kabisa, mchanga, ndizi kama vidole vya mtoto.

"Shoga, huo hata springi haitausikia!" mwenzake akamtania.

"Uweke juu," akajibu, "uwe mto wake wa kichwa."

Hata binti yangu akacheka, katikati ya maumivu yake.

Gari likawa linashuka kidogo kidogo kwa kila mkungu. Nililisikia likizama chini yetu, chuma kikiachia. Tukatandika majani makavu juu ya mikungu, juu yake godoro, na shuka ile ile nyeupe. Tukamlaza. Mume wangu akasukuma ukingo wa gari kwa mkono, likainama, likarudi polepole. Akaingia kwenye usukani.

Safari ile sijui ilichukua muda gani. Ninachokumbuka ni majani yakipita juu ya uso wa mwanangu, na kivuli na mwanga vikimpita usoni, kijani, kisha cheupe, kisha kijani. Mvua ilikuwa nyepesi, haianguki, inaelea tu. Tulipita Kiruruma kama watu wanaopita ndotoni, vilima vinainuka na kukaa. Sikuwa najua tena kama ni gari linalokwenda au ni migomba inayotupita. Alilegeza mkono wake kwenye kanga yangu. Nikaogopa, nikainama kusikiliza. Alikuwa amelala.

Hospitalini nesi alitoka na kitanda cha magurudumu, akasimama. "Mmeleta mgonjwa au mmekuja gulioni?"

"Vyote," mume wangu akasema. "Chukua mgonjwa kwanza."

Walimlaza, wakamchoma sindano, wakamkataza kuinuka. Siku ya nne akajifungua. Msichana, mdogo kama mkate wa duka, lakini analia. Nililia naye, yeye kwa sauti, mimi kimyakimya. Zile ndizi ziliisha pale jikoni kwa wanaouguza wagonjwa. Kila aliyepita akaambiwa chukua, pika.

Tulikaa mpaka mtoto akashika uzito waliotaka. Siku ya kuruhusiwa mume wangu akaja kutuchukua. Nikatoka na mtoto kifuani, nikaiona pikapu imesimama pale juu, tupu, inang'aa. Nikamkumbatia mtoto. Kichwa chake kilikuwa bado laini kama papai, na barabara ilikuwa ile ile.

Nikageuka kumwambia, nikamkuta hayupo. Alikuwa amekwenda langoni, kwa watu wanaosubiri magari. Mume wangu yule, ambaye hakupenda kubeba abiria kwa sababu wanachafua, nikamsikia anaita:

"Wa Ihembe! Wa njia hii! Pandeni!"

"Mzee, nauli?"

"Uzito wenu tu. Nina kichanga ndani. Na wewe baba mnene, usijifiche, wewe ndiye hasa."

Wakacheka, wakapanda. Bibi na kuku wake, mtu na baiskeli yake, mama wawili waliotoka kuuguza, kijana mwenye mguu wa plasta, na yule baba mnene aliyewekwa katikati kama mzee wa kikao. Mimi na binti yangu tukakaa mbele na mtoto. Gari likainama. Likaondoka kama linavyoondoka ng'ombe aliyeshiba.

Tulipofika kwenye njia panda ya kwanza, mume wangu akasimama ili bibi wa kuku ashuke. Tukasikia wanaongea kule nyuma.

"Nikishuka si litaanza kurusha?" bibi anauliza.

"Kuku wako ana uzito gani?"

"Si kuku, mimi!"

Kisha mkono ukagonga paa. "Baba, endesha. Nitashuka mbele."

Njia panda ya pili, yule wa baiskeli naye akagonga paa. Endesha. Baba mnene alikuwa anakaa kabla ya mlima. Tukaipita nyumba yake, watoto wake uani wanatutazama, yeye akawapungia mkono kama anasafiri mbali. Hakushuka mtu. Mume wangu akawa anajipangusa macho kwa mkono wa shati, anasema ni vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha.

Walishuka wote uani kwangu. Nikawaomba waingie wale chochote, wakasema jua linakwenda, na mume wangu alipotaka kuwarudisha kwa gari wakamwambia akae na mjukuu wake. Kila mmoja akafunua kanga kidogo akamtazama mtoto, bibi akamtemea mate mepesi ya baraka. Halafu wakarudi kwa miguu njia yote tuliyotoka, baba mnene amebeba kuku, bibi akiegemea baiskeli, na kijana wa plasta amekalishwa juu ya baiskeli hiyo.