Noti ya Kutunza kwa Mkono Wake

Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama kazi. Mwaka ule nilikuwa Kariakoo, napakia mabelo ya mitumba kwenye malori. Kule soko la Mchikichini nilizoeana na dada mmoja fundi viatu. Miguu yake haikuwahi kumbeba. Alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu, anaizungusha kwa mikono. Alipenda taarab kupita kiasi. Jumapili moja mchana akaniomba nimsindikize ukumbini, mwimbaji wake alikuwa anakuja.

"Mara ya mwisho walinibeba," aliniambia njiani. "Wakaniweka nyuma ya spika. Wenzangu wakaenda kumtunza mwimbaji wakicheza, noti yangu ikapelekwa na mtu. Leo naipeleka mwenyewe."

Mlango wa ukumbi ulikuwa juu ya ngazi. Baunsa akatushukia.

"Dada, baiskeli iache nje. Nakubeba mimi, wewe mwepesi."

"Umenipima kwa mizani gani?"

"Basi nipe hiyo hela nikutunzie."

"Nimelipa kiingilio kama hawa, kaka. Nitatunza mwenyewe."

Nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Wimbo wa kwanza ulishaanza, nami nikataka kumwambia akubali tu yaishe. Yeye akavuta breki, akatulia pale pale chini ya ngazi. "Wenye haraka wanipitie pembeni."

Ndipo nikakumbuka ubao wetu wa kupandishia mabelo, mpana kama mlango. Nikakimbia sokoni kuufuata. Nilikuta wapakiaji wenzangu wawili wamekaa juu yake wanacheza drafti.

"Belo gani Jumapili?"

"Si belo. Inukeni, twende!"

Tulipouegemeza kwenye ngazi, dada akakataa kusukumwa. Akapanda kwa mikono yake, mishipa ya shingo imemtoka. Baunsa mwenyewe akapiga goti kuushika ubao usiteleze.

Ndani, dada akageuka. "Mbona ubao mmeuacha nje? Na jukwaani je?"

Tukaingia nao juu ya vichwa vya watu. "Jamani, mnahamia humu?" mama mmoja akauliza, huku akituvutia viti pembeni.

Zamu yake ya kutunza ilipofika, dada akapanda jukwaani kwa ubao ule, noti ameibana kwa meno maana mikono yote ilikuwa na kazi. Akamtunza mwimbaji kiganjani. Hakushuka mpaka ubeti ulipoisha.

Wakati wa kutoka baunsa akaniuliza ubao kama ule unapatikana wapi. Dada akaniwahi kujibu.

"Chongesheni wenu, kaka. Mimi Jumapili ijayo nipo."